Buti Ikilowa Siku ya Pili

Sagana ni mji wa joto. Uko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, mashamba ya mpunga ya Mwea ni jirani zake, na vijana wanaoteremka mtoni kwa mashua za mpira huvaa kaptura na viatu vya kamba. Abiria wa matatu akipita hapa saa sita mchana hana la kumkumbusha kwamba Lenana, kilele ambacho wapandaji wengi wa Mlima Kenya hukilenga, kiko mita 4,985, wala kwamba sehemu ya maji anayoyavuka darajani imeanzia kwenye miteremko hiyo hiyo. Hata hivyo ni katika kipande hiki cha barabara ambapo safari huamua sura yake. Makutano, kilomita chache kabla ya Sagana ukitoka Nairobi, njia ya Embu na Chogoria inachepuka kulia. Sagana yenyewe inatoa barabara ya Kagio na Kerugoya. Barabara kuu inaendelea hadi Karatina, kisha Naro Moru na Nanyuki. Zote zinaelekea mlima mmoja, lakini haziishii kwenye matope mamoja.

Wengi hufika hapa wakiwa wameshanunua buti, na wamezinunua kabla ya kujua watapandia upande upi. Dukani Nairobi swali lilikuwa moja tu: je, hizi zinaingiza maji? Muuzaji akajibu kwamba haziingizi, akaonyesha kibandiko, biashara ikaisha. Swali hilo si baya, ila halitoshi. Kwa matembezi ya siku moja, buti inayozuia maji kwa saa sita imemaliza kazi yake. Kwa safari ya siku nne au tano, buti italowa wakati fulani, iwe ya bei gani. La kujua ni itakuwaje keshoye saa tisa usiku, mvaaji anapotoka kambini gizani kuanza kupanda kileleni huku ardhi imeganda.

Mvua ndiyo ya kuangalia kwanza. Upande wa kusini na kusini-mashariki wa mlima unapokea upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na katika ukanda wa msitu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Njia ya Kamweti, inayoanzia juu ya Kerugoya, iko upande huo. Chogoria, mashariki, nayo ina msitu mzito unaotiririka maji. Kaskazini, njia ya Sirimon iko kwenye kivuli cha mvua, na ardhi yake ni kavu zaidi kuliko zote zinazotumika sana. Naro Moru iko magharibi, na kwa takwimu za mvua peke yake ingepaswa kuwa na nafuu. Haina. Juu ya kituo cha Met Station, kilicho kwenye mita 3,050, msitu unapoisha huanza mteremko wa nyasi za mafundo na udongo mweusi ulioshiba maji, ambao waongozaji na wageni huuita bogi. Hapo maji hayatoki juu. Yamo ardhini mwaka mzima, hata Februari wakati anga ni safi na wakulima wa Kieni, chini ya mlima, wanalilia mvua. Mguu ukikosea fundo la nyasi huzama hadi kifundo, na pengine zaidi.

Hilo moja hubadili hesabu yote ya buti. Maji ya mvua hupiga ngozi kwa nje na kujaribu kupenya. Maji ya bogi huingia kwa mdomo wa buti. Ngozi iwe bora namna gani, na utando wa ndani uwe wa kampuni yoyote, buti inayoishia sentimita kumi juu ya ardhi haiwezi kuzuia tope la sentimita kumi na tano. Na maji yakishaingia kwa juu, sifa ile ile ya kutopitisha maji huwa balaa, kwa kuwa hayana pa kutokea. Wanaoendesha mashua pale Sagana wanalijua vizuri: mtoni huvaliwa kiatu chenye matundu, maji yaingie na kutoka, kwa sababu kiatu kisichomwaga maji ni ndoo iliyofungwa mguuni.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza aina ya ngozi, mnunuzi apime kimo. Buti ya safari ndefu katika milima yetu inafaa ipande juu ya kifundo kwa vidole vitatu au vinne. Halafu autazame ulimi. Katika buti nzuri, ulimi umeshonwa kwa pande zote mbili hadi karibu na juu, hivyo maji hayapiti kwenye nafasi ya kamba. Katika buti nyingi za bei nafuu ulimi umeshikwa chini tu, na hapo kiatu chote kina kimo cha tundu la tatu la kamba hata kama shingo yake inafika nusu ya muundi. Kisha inafuata geita, kitambaa kinachofunika kuanzia katikati ya buti hadi chini ya goti na kufungwa kwa mkanda unaopita chini ya soli. Geita ya bei ya kawaida juu ya buti ya wastani hushinda buti ya gharama isiyo na geita, na hili waongozaji wa Naro Moru hulisema bila kusita.

Sasa ngozi yenyewe. Eneo hili halihitaji kufundishwa habari zake kutoka mbali. Sagana ina kiwanda cha ngozi, Thika pia, na kwa miongo mingi ya karne iliyopita vilima vya Nyeri na Murang'a vilifunikwa na miwati, mti uliotoka Australia ambao gome lake lina tanini nyingi. Wakulima walibandua gome, wakalikausha na kuliuza kwa ajili ya kudabagha ngozi. Leo miwati imebaki zaidi kuwa kuni, makaa na nguzo, na viwanda vingi hudabagha kwa chumvi za kromu, njia iliyopata hataza Marekani mwaka 1884 na ambayo hufanya kwa siku chache kazi iliyokuwa ikichukua majuma.

Tofauti ya njia hizo mbili ina uzito mlimani. Ngozi iliyodabaghiwa kwa gome ni ngumu na hushika umbo, inafaa mkanda na soli, lakini ikilowa na kukauka mara kwa mara hukakamaa na kupasuka. Ya kromu huvumilia zaidi kulowa, kukauka na joto, na hubaki laini. Ndiyo maana sehemu kubwa ya buti za milimani hutumia kromu katika sehemu ya juu. Anayetaka kununua buti za kushonwa na fundi wa hapa, na wapo mafundi hodari, amuulize ngozi imedabaghiwa kwa kitu gani kabla ya kuuliza bei.

Jambo la pili ni tabaka. Ngozi ya ng'ombe ni nene, na kiwandani huchanwa kwa unene wake. Tabaka la juu, lenye uso ulioota manyoya, lina nyuzi zilizosongamana sana, na ndilo linalozuia maji kwa asili yake. Likiachwa zima, unene wa milimita 2.2 hadi 2.8 hutosha kwa buti ya safari ndefu. Uso huo ukisuguliwa kidogo hadi ukawa kama mahameli, hupatikana nubaki, ambayo bado ni imara ila inahitaji nta mara nyingi zaidi. Tabaka la chini lililobaki baada ya kuchanwa ndilo hutoa swedi. Nyuzi zake zimelegea, hunywa maji haraka. Kuna wauzaji wanaopaka tabaka hilo la chini plastiki iliyopigwa chapa ya vinyweleo ili lionekane kama ngozi ya juu. Njia ya kulitambua ni kukunja buti mbele ya vidole: ngozi halisi hutoa mikunjo midogo inayotofautiana, plastiki hutoa mikunjo mikubwa ya sare, na kwenye ukingo uliokatwa utando huonekana umelala juu ya nyuzi.

Safari Boot ya Bata, ambayo vizazi vya Wakenya vimeivaa, imeundwa kwa nchi kavu, nyepesi na isiyo na vitu vingi ndani. Huko Samburu ni kiatu kizuri sana. Kuipeleka kwenye bogi ni kuionea.

Mshono nao ni mlango. Kila tundu la sindano ni njia ya maji, kwa hiyo buti iliyokatwa kwa vipande vichache, au kwa kipande kimoja kikubwa kinachoungwa kisiginoni, huvuja kidogo kuliko ile yenye mapambo kumi. Mkanda wa mpira unaozunguka sehemu ya chini, pale ngozi inapokutana na soli, hulinda mshono ulio hatarini kuliko yote na pia huzuia mawe ya Bonde la Teleki, juu ya bogi, yasiichane ngozi.

Halafu kuna utando. Mwaka 1969 Bob Gore, nchini Marekani, aligundua kwamba aina fulani ya plastiki ikivutwa kwa ghafla hutanuka na kuwa na vitundu vidogo mno, ambavyo tone la maji haliwezi kupita lakini mvuke wa jasho unaweza. Kutokana na ugunduzi huo ikaja Gore-Tex, na leo kampuni nyingi zina utando wa namna hiyo, unaowekwa kati ya ngozi na bitana kama soksi iliyofichwa. Kibandiko ambacho muuzaji huonyesha huwa kinausema huo.

Utando hufanya kazi, lakini una masharti. Mvuke husukumwa nje pale ambapo ndani kuna joto na unyevu zaidi kuliko nje. Kwenye baridi kavu ya asubuhi, mita 4,000, masharti hayo yapo. Ndani ya msitu wa mianzi uliojaa ukungu, au wakati ngozi ya nje imeshalowa kabisa, mvuke hukwama na soksi hulowa kwa jasho huku mvaaji akidhani buti inavuja. Mchanga mdogo unaoingia kwa juu husugua utando pale vidole vinapokunjika, na tundu likitokea hakuna fundi wa kuliziba. La mwisho, ambalo wauzaji hawalitaji: maji yakiingia kwa juu, buti yenye utando na bitana nene huchukua muda mrefu sana kukauka, pengine safari nzima.

Hapa ndipo uamuzi unapaswa kuegemea upande. Kwa Naro Moru, Kamweti na Chogoria, hasa katika miezi inayopakana na mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba, buti ya ngozi nzima ya juu, yenye bitana nyepesi ya ngozi na isiyo na utando, iliyopakwa nta vizuri na kuvaliwa na geita, ndiyo chaguo bora. Italowa polepole, na itakauka. Kwa Sirimon mwezi Januari, Februari au Agosti, ambako hatari kubwa ni manyunyu ya alasiri na umande wa nyasi, buti yenye utando inafaa bila shida, na hata buti ya kitambaa inaweza kumtosha aliye na mguu wenye mazoezi. Anayetaka jozi moja kwa yote, pamoja na nyanda za juu za Aberdare ambako matope ni yale yale, achukue ngozi bila utando.

Sababu ya uamuzi huo iko kwenye mpangilio wa safari. Kwa Naro Moru, siku ya kwanza humalizikia Met Station, mguu bado mkavu. Siku ya pili ni bogi, kisha Bonde la Teleki hadi kambi ya Mackinder, kwenye mita 4,200. Mawingu hupanda mchana, mvua au barafu nyepesi huanguka alasiri, na jua linazama saa kumi na mbili na nusu. Hakuna moto wa kuni wa kukaushia viatu, wala haufai kuwepo mbugani. Usiku joto hushuka chini ya sifuri. Anayepumzika siku moja ili mwili uzoee hewa hafifu anapata jua la asubuhi la kuanikia. Asiyepumzika huamka saa nane usiku na kuikuta buti imekuwa ngumu kama ubao, kamba zimeganda kwenye matundu, na mguu unaingizwa humo kwa nguvu. Kutoka hapo ni saa nne au tano za kupanda kwenye kokoto zinazoteleza. Mguu wenye baridi husimama vibaya, hupoteza hisia kwenye vidole, na mwenye nao huanza kutembea kama mlevi pale ambapo asingepaswa.

Ndiyo maana kazi ya jioni ya siku ya pili ni sehemu ya ubora wa buti, na ngozi hulipa juhudi hiyo. Soli ya ndani itolewe na ianikwe kando. Gazeti kavu lijazwe ndani, libadilishwe baada ya saa moja, kisha tena kabla ya kulala. Kurasa za Taifa Leo za juma lililopita zina kazi nzuri hapa. Kamba zilegezwe kabisa na ulimi uvutwe mbele. Wakati wa kulala buti ziingizwe katika mfuko wa plastiki na kuwekwa ndani ya begi la kulalia, miguuni. Harufu itavumiliwa. Lisilofaa ni kuzisogeza karibu na jiko la gesi la mpishi: ngozi iliyolowa ikipata joto kali husinyaa na kupasuka, na gundi ya soli hulegea.

Wapagazi wa mlima huu wana jibu lao, nalo linastahili heshima kuliko linavyopewa. Wengi huvuka bogi kwa gambuti. Gambuti hufika karibu na goti, haina mshono, tope lake huoshwa kijitoni, na ndani hufutwa kwa kitambaa ikawa kavu kwa dakika mbili. Kwa ile hatari moja ya maji yanayoingia kwa juu, hakuna buti ya ngozi duniani inayoishinda. Udhaifu wake uko kwingine: kifundo hakishikwi, soli haina uimara wa kukinga mguu dhidi ya mawe, jasho halitoki, na baridi ya mita 4,000 hupenya mpira mwembamba upesi. Katika mteremko mrefu wa kurudi, mguu huteleza ndani na vidole hugonga mbele kwa kila hatua. Mpagazi aliye na uwezo hubeba viatu vingine vya juu ya bogi. Asiye na uwezo huendelea na gambuti hizo hizo hadi kambini, akiwa na mzigo mgongoni.

Soli ndiyo inayowaangusha wanunuzi wa mitumba, na wanunuzi hao ndio wengi. Soko la Karatina, Gikomba na vibanda vya Nyeri mjini hutoa buti za ngozi za Ujerumani, Italia na Marekani kwa sehemu ndogo ya bei ya dukani. Nyingine hazijavaliwa mara kumi. Ngozi inang'aa, kamba ni za asili, soli ya nje bado ina meno makali. Hapo ndipo mtego ulipo. Kati ya soli ya nje na mguu kuna tabaka laini la kupunguza kishindo, na katika buti nyingi tabaka hilo ni la poliyurethani. Aina nyingi za plastiki hiyo huvunjwavunjwa polepole na unyevu wa hewa, ivaliwe isivaliwe. Buti iliyokaa kabatini Ulaya miaka minane, ikasafirishwa ndani ya robota na kontena lenye joto, inaweza kufika Karatina nzuri kwa macho na imekwisha kwa ndani. Mlimani, siku ya pili au ya tatu, tabaka hilo hubomoka kama mkate mkavu na soli yote kubanduka.

Mnunuzi anaweza kujilinda. Abonyeze tabaka hilo kwa kucha ya kidole gumba kwa pembeni: likiacha alama isiyorudi, likitoa unga au mipasuko midogo, aliache. Aikunje buti kwa nguvu mara ishirini palepale kibandani. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Atazame kibandiko chini ya ulimi, maana kampuni nyingi huandika mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na buti yenye umri wa miaka kumi haifai kubebwa mlimani hata ikiwa haijawahi kukanyaga ardhi. Buti za zamani zaidi zilizoshonwa soli kwa uzi mnene, zenye tabaka la ngozi au mpira katikati badala ya poliyurethani, hazina ugonjwa huo. Hizo zikipatikana kwa saizi inayofaa, ni hazina, kwa kuwa fundi anaweza kuzivua soli na kuzipa nyingine.

Fundi pia anahitaji maelekezo. Wakenya wamezoea kununua kiatu na kumpelekea fundi siku hiyo hiyo akishone pembeni kabla gundi haijaachia. Kwa kiatu cha ofisini au cha shule huo ni uamuzi wa busara. Kwa buti yenye utando ni kuiharibu, kwa sababu sindano hupita kwenye ngozi, bitana na utando wenyewe, na kuacha matundu mengi chini kabisa, pale maji yanapokaa. Kwa buti ya ngozi isiyo na utando mshono unakubalika, mradi uzi upakwe nta na mshono wote uzibwe kwa gundi ya mpira kwa nje.

Meno ya soli yana historia ya msiba. Mwaka 1935, kwenye Punta Rasica huko Italia, wapandaji sita walikufa baada ya kunaswa na dhoruba, huku wakiwa na viatu ambavyo havikuwafaa kwa baridi na barafu. Mwenzao, Vitale Bramani, akatafuta soli ya mpira ambayo ingeshika jiwe na theluji bila misumari ya chuma, na mwaka 1937 ikatoka ile yenye meno mazito ambayo jina lake, Vibram, limeundwa kutokana na jina la Bramani mwenyewe. Kwa Mlima Kenya meno yawe na kina cha milimita nne au zaidi na nafasi za kutosha kati yake, ili tope la bogi lidondoke badala ya kujaa.

Ugumu wa buti unaweza kutiliwa chumvi. Halford Mackinder alipofika Batian, kilele kikuu cha mlima huu, mwezi Septemba 1899 pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, barafu ilikuwa sehemu kubwa ya kazi yao. Barafu ya Lewis, iliyo chini ya Lenana, imepoteza zaidi ya asilimia 90 ya ujazo wake tangu 1934. Anayekwenda Lenana leo hukanyaga kokoto, mwamba, na pengine theluji nyepesi ya usiku. Hahitaji buti ngumu za kufungia vyuma vya barafu. Anahitaji soli isiyopindika kwa urahisi pale katikati ya mguu, lakini inayokunjika kidogo kwenye vidole.

Uzito nao una gharama. Watafiti wa majeshi ya Marekani na Uingereza walipima jambo hili miaka ya 1980 na kukuta kwamba kilo moja iliyoongezwa miguuni hula nguvu sawa na kilo kati ya tano na sita zilizowekwa mgongoni. Jozi ya ngozi nzito ya kilo mbili ikilinganishwa na nyingine ya kilo moja na nusu ni kama kubeba lita mbili na nusu za maji zaidi, kutwa nzima, mahali hewa ni nusu hivi ya ile ya pwani mtu akikaribia kilele. Nguvu ya buti itafutwe kwenye ngozi nzima na mshono mzuri; unene wa kupita kiasi hauongezi kitu.

Saizi hupewa dakika mbili dukani, na ndiyo inayofanya wengi washuke mapema. Mguu huvimba kwa kutembea, kwa hiyo buti zijaribiwe alasiri, na soksi zile zile nene za safari. Kamba zikiwa wazi na vidole vimesukumwa mbele hadi viguse, kidole kimoja cha mkono kipite nyuma ya kisigino. Kamba zikifungwa, kisigino kisipande. Kisha mtu asimame kwenye ngazi ameelekea chini na kukanyaga kwa nguvu; vidole vikigonga mbele hapo, kucha zitakuwa nyeusi kabla ya kufika lango la Naro Moru. Buti za Ulaya nyingi huundwa kwa kalibu nyembamba, na mguu uliokulia pekupeku au kwa malapa mara nyingi ni mpana mbele. Kuongeza saizi ili kupata upana ni kosa la kawaida, kwa kuwa kisigino hubaki kikiogelea na malengelenge huanzia hapo. Heri kutafuta kampuni nyingine yenye kalibu pana.

Ngozi nzima inadai pia muda. Jozi mpya ivaliwe shambani, sokoni, kisha kwenye Kilima cha Nyeri au Karima kule Othaya ukiwa na mkoba mzito, kwa majuma kadhaa, hadi mikunjo ya ngozi ikae pale vidole vya mwenyewe vinapokunjika. Asiye na majuma hayo asinunue ngozi nzito. Akodishe au achukue kitambaa.

Mafuta ya kupaka yana mjadala mrefu, jibu ni fupi. Rangi ya kawaida ya viatu hung'arisha bila kuzuia maji kwa kiasi kinachofaa. Nta ya nyuki, ikipashwa kidogo na kusuguliwa kwenye ngozi kavu, hasa kwenye mishono, huzuia vizuri na hupatikana kwa warina asali wa maeneo haya. Mafuta ya majimaji hulainisha ngozi kupita kiasi. Dawa za kupuliza zinahitaji tahadhari: nyingi zimekuwa na kemikali za PFAS, ambazo haziozi kwa muda mrefu sana, na Ufaransa imepiga marufuku kuuza nguo na viatu vyenye kemikali hizo kuanzia Januari 2026. Kinachooshwa kwenye buti huko mlimani huteremka na mito, na mito hiyo ndiyo Nyeri, Kirinyaga na Sagana hunywa.

Limebaki suala ambalo halimo kwenye orodha za vifaa. Mgeni mmoja wa siku tano huwa na mwongozaji, mpishi na mpagazi mmoja au zaidi, na wote hukanyaga tope lile lile. Mackinder mwaka 1899 alisafiri na Waswahili 66 na Wakikuyu 96, na hapakuwa na safari bila wao. Upande wa Kilimanjaro, mradi wa kusaidia wapagazi ulioko Moshi, KPAP, huwaazima wapagazi nguo na viatu vya mlimani bure, na huzitaja hadharani kampuni zinazowatendea haki. Mteja anayelipia safari kutoka Naro Moru, Nanyuki au Chogoria ana haki ya kumuuliza mwenye kampuni, kabla ya kutoa malipo ya awali, mpagazi wake atavaa nini juu ya bogi. Akijibiwa kwamba kila mtu hujitafutia, anaweza kutenga sehemu ya fedha za buti zake kumnunulia mpagazi jozi ya mitumba Karatina, akiibonyeza kwa kidole gumba jinsi ileile alivyoibonyeza yake, na kuulizia saizi ya mpagazi huyo mapema, siku ya kupanga safari, si langoni.